Si Kila Kitu ni Vumbi

Leo tunazungumza juu ya masikio, pua na koo. Na kabla sijafika mbali, nataka kukitetea kitu kimoja ambacho hakina mtetezi mjini hapa Kolwezi. Kitu hicho ni vumbi.

Ndiyo, vumbi. Kuanzia mwezi wa tano hadi mwezi wa tisa, huna haja ya kumwuliza mtu wa Kolwezi anaumwa nini, kwa maana jibu analo mdomoni. Pua imeziba, ni vumbi. Sauti imekauka, ni vumbi. Mtoto anatoa usaha sikioni, kila asubuhi mto wake umelowa, na bibi anamtuliza mama: "Iko vumbi tu, itapita mvua ikinyesha." Mvua inanyesha, usaha hauishi, na hapo tunaanza kusema ni maji ya mvua yaliyomwingia. Vumbi lina makosa yake, na nitayataja. Lakini tumelibebesha pia makosa ya vijidudu, ya dawa, ya kelele na ya asidi, na muda wote tunaolilaumu, ugonjwa wenyewe unaendelea na kazi yake bila kusumbuliwa na mtu.

Tuanze na makosa ambayo kweli ni yake.

Pua hatukupewa kwa ajili ya kusikia harufu ya sombe peke yake. Ndani yake kuna vinyweleo, na nyuma ya vinyweleo kuna utando wenye kamasi unaonasa takataka na kuzisukuma taratibu kuelekea kooni, tukazimeza bila habari. Lori likipita barabara ya udongo mwekundu, pua ndiyo inayopokea mzigo. Utando unavimba, unawasha, kamasi jepesi kama maji linatiririka, mtu anapiga chafya kumi mfululizo. Hayo ni ya vumbi, au ya mzio, na hayana homa. Mafua ya virusi ni kitu kingine: yanakuja na uchovu, koo linakwaruza, pengine homa kidogo, na kwa kawaida yanaondoka ndani ya siku saba hadi kumi, umekunywa dawa au hukunywa. Kamasi kugeuka njano au kijani si ushahidi kwamba unahitaji antibiotiki. Mafua ya kawaida pia hubadilika rangi yakielekea kwisha. Wanaouza vidonge rejareja hawapendi kusikia hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Kinachotakiwa kukushtua ni mafua yanayopita siku kumi bila nafuu, au yaliyoanza kupoa kisha yakarudi kwa nguvu, na uso ukaanza kuuma: chini ya jicho, juu ya paji, hata meno ya juu yakauma kama yameoza. Hapo mapango ya hewa yaliyo ndani ya mifupa ya uso huenda yamepata maambukizi, yaani sinusiti, na hapo ndipo muuguzi ana haki ya kufikiria antibiotiki. Na jicho likivimba, kope zikawa nyekundu, au mgonjwa akaanza kuona vitu viwili viwili, usilale nyumbani siku hiyo.

Dawa ya kwanza ya pua iliyochoka na vumbi iko jikoni. Chemsha maji, yaache yapoe, pima nusu lita, tia kijiko kidogo cha chumvi kilichosawazishwa, koroga. Inama juu ya beseni, vuta maji hayo kidogo kidogo kwa sindano isiyo na ncha au mimina kwa kiganja, pua moja kisha ya pili, upenge polepole. Fanya hivyo jioni ukitoka kazini. Maji yasiwe ya bomba moja kwa moja wala ya kisima, yachemshwe kwanza. Kuhusu matone ya kuzibua pua yanayouzwa famasi, yale yanayofungua pua ndani ya dakika moja, yatumie siku tatu, nne, basi. Ukizidisha, pua inazoea, na kila yanapoisha nguvu inaziba zaidi kuliko mwanzo. Kuna watu wazima mjini hapa wanaotembea na kichupa hicho mfukoni mwaka mzima wakidhani wana ugonjwa wa vumbi, kumbe kinachowaziba ni kichupa chenyewe.

Na vumbi letu si la mahindi, ni la migodi. Mnakumbuka 2014 pale mtaani Kasulo, kobalti ilipoonekana chini ya nyumba, watu wakachimba uani, wakachimba hadi sebuleni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven kule Ubelgiji, miongoni mwao Célestin Banza Lubaba Nkulu na Benoit Nemery, walipima damu na mkojo wa wakazi, wakatoa matokeo 2018. Watu wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi mwilini kuliko watu wa mtaa wa jirani ambao haukuchimbwa, na walioonekana kuathirika zaidi ya wote ni watoto. Ule haukuwa utafiti wa masikio wala wa koo, nisije nikaufanya useme yasiyokuwemo. Lakini unaonyesha kwamba vumbi la nyumbani ni jambo la kushughulikia, kwa sababu mtoto anacheza chini na mkono wake hauachi kinywa. Basi nyunyiza maji kabla ya kufagia. Sakafu ya saruji ipige deki kwa kitambaa kibichi badala ya ufagio mkavu. Na wewe papa krezeri, mchimbaji wa mikono, ukirudi kutoka shimoni, vua nguo nje, oga, halafu ndiyo umbebe mtoto. Kitambaa unachojifunga usoni kinazuia mchanga na kuacha vumbi laini lipite. Kinachozuia vumbi laini ni maski yenye alama FFP2, iliyobana vizuri puani, na ikishakuwa nyeusi haifai tena.

Pua kutoka damu, jambo la kawaida sana mwezi wa sita na wa saba baridi kavu ikitupata huku juu, tunalishughulikia kinyume. Mtoto anatoka damu, mtu anamwinamisha kichwa nyuma, mwingine anamwagia maji utosini. Damu haijakoma hapo. Imebadilisha njia tu, inaenda tumboni, na baadaye mtoto anatapika damu na nyumba nzima inapiga mayowe. Mkalishe wima, mwinamishe mbele kidogo, ahemee mdomoni. Bana sehemu laini ya pua, pale chini ya mfupa, kwa vidole viwili, na usiachie kwa dakika kumi kamili za saa. Usichungulie katikati. Ikiwa bado inatoka, rudia dakika kumi nyingine. Ikishinda hapo, au ikiwa ni mzee mwenye presha, twende hospitali.

Nimalizie pua kwa jambo moja ambalo akina mama wengi hawajaambiwa. Mtoto mdogo anayetoka kamasi zito lenye harufu mbaya kwa tundu moja tu, la kulia au la kushoto, na tundu la pili ni safi, huyo hana mafua. Mafua hayachagui upande. Huyo karibu kila mara ameingiza kitu: punje ya mahindi, haragwe, kipande cha sponji ya godoro. Apelekwe akitolewe. Na mtu mzima ambaye pua yake imeziba upande mmoja wiki nyingi, tena inatoa damu damu, naye asiseme ni vumbi. Vumbi linaingia kote kuwili.

Sasa sikio, na hapa nitakaa.

Nenda kituo chochote cha afya cha komuni ya Manika au ya Dilala asubuhi ya wiki, angalia benchi la akina mama. Utamwona mtoto mwenye pamba sikioni. Mama amekuja kwa ajili ya homa ya mdogo wake, aliyembeba mgongoni. Huyu mwenye pamba amekuja kwa sababu hakuna wa kumwacha naye. Muuguzi akiuliza habari ya sikio, mama anajibu bila wasiwasi: "Lile? Lile ni la tangu zamani."

Tuangalie lile la tangu zamani lilianzaje. Nyuma ya kiwambo cha sikio kuna chumba kidogo, na chumba hicho kina mfereji unaoteremka hadi nyuma ya pua. Kwa mtoto mfereji huo ni mfupi na umelala, kwa hiyo mafua yakimpata, vijidudu vinapanda kwa urahisi. Usaha unajaa, kiwambo kinavutika, mtoto analia usiku kucha akijivuta sikio. Kisha kiwambo kinapasuka, usaha unatoka, maumivu yanapungua ghafla, mtoto analala. Na hapo ndipo tunapokosea: tunaona amepona. Hajapona, ametoboka. Akitibiwa siku hizo hizo, tundu kwa kawaida linaziba lenyewe. Asipotibiwa, chumba kile kinabaki wazi, kila maji ya kuoga ni mlango mpya wa vijidudu, na usaha unakuwa wa kudumu.

Wauguzi wetu wana kanuni waliyofundishwa kwenye PCIME, mpango wa kutibu magonjwa ya watoto, na hakuna sababu ya mzazi kutoijua. Mpaka ni siku kumi na nne. Usaha ambao haujafikisha siku kumi na nne ni ugonjwa mpya. Mtoto anapewa amoksisilini ya kunywa kwa siku atakazoambiwa, na parasetamo kwa maumivu. Usaha uliofika siku kumi na nne au zaidi ni ugonjwa sugu, na hapo vidonge na sindano havifanyi kazi kubwa. Kinachotibu ni kukausha sikio, kisha matone ya dawa ya jamii ya siprofloksasini, mara tatu kwa siku kwa wiki mbili.

Kukausha kunafanyika hivi, na ukishaona mara moja hutasahau. Nawa mikono kwa sabuni. Chukua kitambaa safi cha pamba kinachonyonya maji, au karatasi laini isiyochanika ovyo, kata kipande, kisokote kwa vidole kiwe kama utambi wa taa. Vuta sikio la mtoto taratibu kuelekea nyuma ili njia inyooke. Ingiza ncha ya utambi, iache hapo hadi ilowe, toa, tupa. Ingiza mwingine. Wa kwanza utatoka umejaa, wa pili nusu, wa tatu au wa nne utatoka mkavu. Sasa ndiyo tia matone, mlaze ubavu dakika chache. Kijiti hakiingii. Pini ya nywele haiingii. Na matone ukiyamwaga juu ya usaha bila kukausha, yanaelea juu na kurudi nje, umetupa franka zako. Katika wiki hizo mbili sikio lisipate maji hata tone: wakati wa kuoga, ziba kwa pamba iliyopakwa vazelini, kisha itoe ukimaliza. Ile pamba inayoachwa humo kutwa, kama ya yule mtoto wa kwenye benchi, inafungia unyevu ndani.

Najua tunavyotia badala yake. Maziwa ya mama, mafuta ya mawese ya moto, maji ya majani, unga wa kapsuli ya ampisilini uliopasuliwa na kumiminwa, hata petroli ya taa. Siwacheki wanaofanya hivyo, maana usiku mtoto analia na famasi imefungwa. Lakini unga unaganda ndani na kumfichia muuguzi kiwambo, petroli inaunguza, na maziwa ni chakula cha vijidudu. Tena, si kila tone la famasi lililoandikwa sikio linafaa sikio lililotoboka. Yapo yenye jentamisini au neomisini, ambayo yakipita kwenye tundu yanaweza kuua usikivu kabisa. Mwambie muuzaji waziwazi kwamba sikio linatoa usaha.

Hatari kubwa iko nyuma ya sikio. Kuna mfupa pale, gusa wa kwako. Ukivimba, ukawa wa moto na unauma kwa kuguswa, sikio likasukumwa mbele hata watu wakaona halilingani na la pili, usaha umeingia mfupani, na kutoka hapo hadi kwenye ubongo si mbali. Hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni Jumapili. Vivyo hivyo mdomo ukipinda upande mmoja, au mtoto akikakamaa shingo, au akitapika na kusinzia sinzia.

Na hata yasipofika huko, sikio sugu linakula usikivu polepole. Mwalimu anamwita mtoto mkaidi. Mama anasema anajifanya. Simama nyuma yake akiwa anacheza, mwite jina kwa sauti ya chini, umwahidi kikwanga au biskuti. Asipogeuka kwa biskuti, huo si ukaidi.

Sababu nyingine ziko mbali na vumbi kabisa. Surua ni mojawapo, kwa sababu inashambulia sikio moja kwa moja. Mlipuko ulioikumba nchi yetu 2019 ulipita wagonjwa 310,000 waliodhaniwa kuwa nayo na kuua zaidi ya watu 6,000, wengi watoto, na miongoni mwa walionusurika wapo waliobaki na masikio mabovu. Chanjo ya surua inaanza miezi tisa. Chanjo ya nimokoki, inayozuia nimonia na sehemu ya maambukizi ya sikio na homa ya uti wa mgongo, iliingia Kongo 2011. Zote ni za bure kituoni. Moshi ni sababu nyingine: mbabula ya makala ikiwashwa ndani ya nyumba iliyofungwa usiku wa baridi, mtoto anavuta moshi hadi asubuhi, mfereji wake unavimba. Tena makala inaua kwa njia nyingine, kwa hewa yake ya sumu. Mbabula ibaki nje.

Vitu vya kuingiza sikioni nitavipitia haraka. Nta si uchafu, ni ulinzi, na sikio linaitoa lenyewe. Kotontiji, kile kijiti chenye pamba, inaisukuma ndani na kuishindilia. Ufunguo wa pikipiki nao si chombo cha sikio, ndugu zangu wa mototaksi. Mdudu akiingia, tia mafuta ya kupikia ya vuguvugu kidogo afe kwanza, kisha nenda akatolewe, ila usitie kitu ikiwa sikio lilikuwa linatoa usaha. Haragwe au punje ikiingia, usitie maji, itavimba. Na ile betri ndogo ya duara, ya saa au ya kichezeo, ikiingia sikioni au puani, au ikimezwa, hakuna kungoja kesho. Inaanza kuunguza nyama ndani ya saa mbili.

Koo sasa. Maumivu mengi ya koo ni ya virusi, yanakuja pamoja na kikohozi na mafua, na tiba yake ni maji ya uvuguvugu, maji ya chumvi ya kusukutua na parasetamo. Mafindofindo ya bakteria yana sura nyingine: homa kali ya ghafla, kumeza kunauma, tezi za shingo zimevimba, kooni kuna madoa meupe, na hakuna kikohozi wala kamasi. Mtoto wa umri wa shule mwenye sura hiyo atibiwe kwa penisilini au amoksisilini, siku zote alizoandikiwa. Si vidonge viwili vya kununua kipande kipande, akipata nafuu mkaacha. Sababu ni moyo. Bakteria huyu asipomalizwa, wiki chache baadaye mwili unaweza kugeuka na kushambulia viungo na milango ya moyo, na milango hiyo haipati kuwa kama zamani. Wako vijana wanaohema wakipanda kilima kidogo kwa sababu ya koo la utotoni ambalo hakuna aliyelikumbuka tena.

Mgonjwa asiyeweza kufungua mdomo, anayedondosha mate kwa sababu kumeza kumeshindikana, sauti imekuwa kama ana kitu cha moto kinywani, huyo huenda ana jipu kooni. Na mtoto anayekoroma akivuta pumzi hali yuko macho, mbavu zikiingia ndani, hapaswi kuchunguliwa kooni kwa kijiko. Mbebe, nenda.

Iko pia ile desturi ya kukata kimio, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya mdomo, eti ndicho kinachosababisha kikohozi. Tanzania wanaiita kukata kimeo, na hospitali za huko zimepokea watoto waliofikishwa wakivuja damu au wameoza koo. Kinyama hicho kinasaidia chakula na maji visipande puani. Kikohozi kinatoka kwingine kabisa, na ukishakikata kikohozi kinabaki palepale, na jeraha juu yake.

Kwa watu wazima, neno langu la koo ni sauti. Sauti iliyokwaruza baada ya mkesha wa kanisa au mechi itarudi ndani ya siku chache ukinyamaza na kunywa maji. Sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki tatu inahitaji kuangaliwa na daktari wa ORL, yaani wa masikio, pua na koo, kwa kioo au kwa kamera. Ikiwa pamoja nayo kuna kikohozi cha wiki mbili na kukonda, anza na kipimo cha kifua kikuu, ambacho matibabu yake ni ya bure. Na hapa nawageukia hasa waliofanya kazi kwenye kumbi za elektrolisi. Mnajua inavyokuwa: umeme unapita kwenye mabwawa ya asidi ya salfa, shaba inajishika kwenye katodi, na mapovu yanayopanda yanapasuka juu na kurusha ukungu wa asidi. Ukungu huo unakwaruza koo, unakula meno ya mbele. Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, ulioko Lyon, uliuweka 1992 kwenye kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitishwa kuleta saratani kwa binadamu, na saratani yenyewe ni ya koromeo la sauti. Kiwanda cha Luilu kilianza kusafisha shaba 1960. Kuna wazee wa kampuni ya migodi ya Gécamines wanaonisikiliza ambao walisimama juu ya mabwawa hayo miaka mingi. Mzee, ikiwa sauti yako imebadilika na umeambiwa ni uzee au ni vumbi, mwambie daktari ulifanya kazi wapi. Hatauliza usipomwambia, na saratani ya sauti ikikutwa mapema inatibika. Na kama bado unavuta sigara, hatari yako inaongezeka mara kadhaa.

Yamebaki mawili juu ya usikivu, na ni ya kwetu kabisa.

La kwanza ni dawa. Kwinini tuliyoizoea, ya vidonge na ya kutundikiwa, inaleta mlio masikioni na kuziba kwa muda, na mara nyingi hali inarudi dawa ikiisha. Lakini Shirika la Afya Duniani tangu 2011 linataka malaria kali itibiwe kwa sindano ya artesuneti, kwa watu wazima na kwa watoto wa Afrika pia, na malaria ya kawaida inatibiwa kwa vidonge vya mchanganyiko. Ukitundikiwa kwinini kwa homa ya kawaida bila hata kipimo, una haki ya kuuliza kwa nini. Sindano za jentamisini na streptomisini ni kali zaidi, maana usikivu zinaouchukua haurudi. Zina kazi yake, kwa mtoto mchanga mwenye maambukizi makali zinaokoa roho. Si za mafua.

La pili ni kelele. Kipimo kinachokubalika kazini ni desibeli 85 kwa saa nane. Kila desibeli tatu zinapoongezeka, muda unakatwa nusu, na kwa desibeli 100 umebaki na robo saa. Mashine ya kutobolea mwamba inazidi hapo. Kijana wa mashine ya kusaga mahindi, anayesimama karibu na injini kutwa bila kitu masikioni, yuko hatarini sawa na mchimbaji, na hana daktari wa kampuni. Na sisi wa mabafle, ya baa na ya kanisa, tusijitoe: anayekaa mbele ya bafle kuanzia saa tatu usiku hadi alfajiri ameumia, awe alikuwa akicheza ndombolo au akiomba. Dalili ni mlio masikioni asubuhi yake na hali ya kusikia kama uko ndani ya pipa. Ikirudi rudi, siku moja haiondoki. Hakuna matone yanayorudisha usikivu uliokwenda na kelele. Plagi za masikio ni nafuu kuliko bia mbili. Na mfanyakazi wa mina, ukipimwa usikivu kazini, omba nakala ya karatasi ya matokeo ukae nayo nyumbani, ya mwaka huu na ya mwaka jana, ili uone mwenyewe mstari unavyoshuka.

Akiamka mtu sikio moja limekufa ghafla, bila usaha wala maumivu, asingoje. Ipo dawa inayoweza kulirudisha, lakini inataka ianzwe ndani ya siku chache za mwanzo.

Madaktari wa ORL ni wachache, na wengi wako miji mikubwa. Lubumbashi ni kilomita zipatazo 300 kutoka hapa, na nauli mnaijua. Kwa hiyo usianze na safari. Anza na kituo cha afya cha mtaa wako. Kikishindwa, dai barua ya rufaa ya kwenda hospitali kuu, Mwangeji au nyingine, yenye tarehe ugonjwa ulipoanza na majina ya dawa ulizokwisha kutumia. Mama mwenye mtoto wa pamba sikioni, kesho mpeleke yeye kama mgonjwa, asiende kama msindikizaji wa mdogo wake, na mwambie muuguzi usaha huo ni wa tangu lini.